Ishirini na Watatu wa Lwandala

Kwa siku nne Edina Tweve aliamini kwamba kuna mtu aliyekosea kuhesabu, na kwa kuwa mwenye kuhesabu alikuwa yeye mwenyewe, hakumwambia mtu. Siku ya tano alirudia hesabu yote kwa njia nyingine. Jibu likawa lile lile. Ndipo alipochukua karatasi yake na kwenda ofisini kwa Dokta Mahenge, mkuu wa kitengo chao cha utafiti wa magonjwa pale Iringa.

"Nchi nzima," Edina alisema, "katika kila watu mia waliovuka sabini, thelathini na mmoja wamepatwa na kiharusi ndani ya miaka miwili. Lwandala ni kumi na mmoja tu."

"Lwandala ndiyo wapi?"

"Kata ya milimani, kwenye mashamba ya pareto. Ina watu mia mbili na sita waliovuka sabini. Tulitarajia wagonjwa sitini na wanne. Wamepatikana ishirini na watatu."

Mahenge alivua miwani. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu na alikuwa ameona mengi. "Wafu wao hawaandikishwi," alisema. "Nenda kaangalie makaburi. Utawakuta hao arobaini na mmoja wako waliopotea."

Ulikuwa mwaka wa nane tangu punje ziingie mwilini mwa watu. Kila aliyetimiza miaka thelathini aliwekewa moja chini ya ngozi ya mkono, ndogo kuliko ulezi. Ilionja damu yake usiku na mchana, ikasikiliza mapigo ya moyo, ikampa kipimo cha hatari kati ya sifuri na mia. Kipimo kikivuka sabini, bangili ya mwenyewe ilitetemeka na kumtolea onyo: namba yake, maana yake, na agizo la kufika zahanati. Watu walikuwa wamezoea. Mtu alitaja namba yake kama anavyotaja kabila lake, na wazazi waliulizana namba kabla ya kupokea posa.

Edina alifunga mzigo wake Jumatatu. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na katika miaka kumi na mmoja ya kazi hiyo hakukumbuka siku aliyotamani kujua jambo kama alivyotamani kujua hili.

*

Alivuka bonde la mwisho kwa kiberenge cha waya, miguu ikining'inia juu ya ukungu, na kupokewa na mtendaji wa kata, Bwana Msigwa, aliyekuja na koti la ziada akijua mgeni wa mjini atakuwa amevaa kinguo chepesi.

Edina alikuja na mashaka matatu. La kwanza lilikuwa la Mahenge: kwamba watu wanakufa bila kuandikishwa. Alikaa siku mbili kanisani na kitabu cha maziko, akalinganisha jina kwa jina na orodha yake. Hakuna kaburi lililokosekana. La pili, kwamba wagonjwa huhamia mjini kwa watoto wao na kuugulia huko. Aliuliza nyumba kwa nyumba, akapata wahamaji sita, akawapigia simu wote. Watano walipokea wenyewe, na mmoja wao alimgombeza kwa kumkatiza kazi. Wa sita alipokewa simu na mkewe, aliyesema mumewe yuko juu ya paa anaziba bati.

Shaka la tatu ndilo lililomkosesha usingizi kwa furaha. Huenda kuna kitu. Maji, mboga, baridi, udongo. Alijaza chupa kumi na nane kwenye chemchemi tofauti. Alikaa jikoni na akina mama akapima chumvi inayoingia chunguni, na kukuta wanatia nyingi kuliko watu wa bondeni. Ulanzi, pombe ya mianzi, waliunywa kama majirani zao wote, na wengine zaidi. Kwa vihatarishi vyote alivyovijua yeye, watu wa Lwandala walipaswa kuugua sawa na wengine, au hata kuwazidi.

Siku ya kumi alimkuta mkulima mmoja, Mzee Ilomo, akianika maua ya pareto uani kwake. Kipimo chake kilikuwa themanini na tatu, na alikuwa nacho mwaka wa tatu sasa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Kaa hapo kwenye kigoda, juani kuna nafuu."

Waliongea habari za pareto na bei ya mbegu, kisha Edina akauliza swali alilokuwa amewauliza watu wengi nchini: "Siku ile bangili ilipokupa onyo, ulifanya nini?"

Mzee aliacha kugeuza maua. "Onyo gani?"

Edina akadhani amesahau. Akabadili maneno. Mzee akakunja mkono wa sweta na kumwonyesha bangili yake. "Hii inaniambia saa, na inaniambia kama mvua itanyesha. Mara nyingi inakosea hiyo mvua. Onyo gani, daktari?"

"La mvua," Edina alisema haraka, na hakupenda jinsi lilivyomtoka. "Nilitaka kujua kama linakusaidia shambani."

Njiani kurudi alifunga daftari lake. Asingeweza kumuuliza mtu mwingine, maana swali lenyewe lilikuwa onyo.

*

Zahanati ya Lwandala ilikuwa na vyumba vinne na muuguzi mmoja, Skolastika Luvanda, mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye kata nzima ilimwita Sista. Edina alimkuta akiwafungia akina mama wawili vidonge vyao. Sista alimaliza, akawasindikiza hadi mlangoni, akarudi, akafunga mlango.

"Nilikungoja siku ya kwanza," alisema. "Umechelewa siku kumi."

"Sista, maonyo ya watu wako yako wapi?"

Skolastika alimpeleka chumba cha nyuma. Pale ukutani palikuwa na mtambo wa kata, ule unaopokea habari za punje zote na kuzirudisha kwenye bangili. Taa yake ya kupokea ilikuwa ikiwaka. Ya kutuma ilikuwa imezimwa.

"Yanaishia hapa," alisema. "Nayasoma mimi."

Alieleza akiwa amesimama. Mwaka wa kwanza wa punje, onyo la kwanza kabisa Lwandala lilimwangukia shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwanamume wa miaka arobaini na mmoja aliyekuwa akibeba magunia mawili ya viazi kwa wakati mmoja. Sabini na nne. Aliiangalia ile namba jioni nzima. Siku iliyofuata hakwenda shamba. Akaanza kushinda kando ya moto, akikagua bangili kila dakika chache, na kila alipokagua namba ilikuwa imepanda. Sabini na saba. Themanini. Themanini na sita. Miezi minne baadaye wakamzika.

"Ile mashine ilimwambia atakufa, akakaa akaingoja," Skolastika alisema. "Mwezi uliofuata radi ikaharibu mtambo. Maonyo yakawa yananifikia mimi lakini hayatoki. Mafundi walipokuja kuutengeneza, nikawaacha wautengeneze. Walipoondoka, nikazima."

"Na wagonjwa?"

Alifungua kabati, akatoa madaftari ya shule, kumi na mawili. Kila mgonjwa alikuwa na kurasa zake. *Presha 170, nimemwambia iko juu, ameanza dawa. Mkewe ndiye anayemkumbusha. Amekubali kupunguza chumvi kwa maharage, kwa nyama amekataa. Nimempitia Jumanne, yuko shamba, anaimba.*

"Sijamdanganya mtu," Skolastika alisema. "Mwenye presha namwambia presha iko juu. Dawa nampa. Nyumbani kwake naenda. Namba ndiyo sijamtajia; bangili ikinyamaza, anadhani hajafika sabini."

Edina alisoma hadi miguu ikafa ganzi. Akakumbuka mchoro aliouona mara mia mezani kwake: kila mahali nchini, vipimo vya watu hupanda wiki moja baada ya onyo. Siku zote walidhani huo ni ugonjwa unaoendelea. Mtu akiogopa hulala vibaya, moyo humwenda mbio, damu humpanda. Punje huyaona hayo yote na kuyaongeza kwenye hesabu, kisha humtumia onyo jipya. Ilikuwa ikipima hofu iliyoileta yenyewe.

Hata hivyo, mtafiti ndani yake hakunyamaza. "Sista, hawa watu hawajui namba, na pia wanatembelewa nyumbani. Ni kipi kinachowaponya? Kutojua, au wewe kuwapitia?"

"Mimi ni muuguzi. Nafanya vyote kwa pamoja."

"Hukuwauliza kama wangependa kujua."

Skolastika alirudisha madaftari kabatini moja moja. "Hapana," alisema. "Hilo sikuwauliza."

*

Mahenge alimsikiliza kwenye simu bila kumkatiza.

"Usimwambie mtu," alisema alipomaliza kusikiliza. "Sikiliza, Edina. Watu milioni nne katika nchi hii wana onyo mkononi. Kama kweli linawadhuru, lazima liondolewe. Lakini nikienda wizarani na watu mia mbili na sita wa kata moja watanicheka. Nipe miaka miwili. Muuguzi aendelee hivyo hivyo, wewe tulia uhesabu. Tukifika hapo hakuna atakayebisha."

"Miaka miwili bila wao kujua kwamba wamo kwenye utafiti."

"Wamekuwemo miaka saba, na wanapona! Ukiwaambia leo, kesho kila mmoja ataidai namba yake. Hutakuwa na cha kulinganisha tena. Utakuwa umeokoa dhamiri yako na kupoteza ushahidi wa watu milioni nne."

Edina alikata simu akijua mzee yule hakuwa mtu mbaya, na kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi. Yeye mwenyewe alikuwa na onyo la sabini na mbili alilopewa mwaka jana. Tangu hapo alikuwa akiamka na kushika shingo yake kuhesabu mapigo.

Ilimbakia kazi moja aliyoweza kuifanya bila kumfichulia mtu kitu: kuonana na familia za wale ishirini na watatu. Wao walikuwa wamekwishaugua, na kuwauliza juu yao hakukuvujisha siri. Ndivyo alivyodhani.

Kumi na wanne walikuwa wamepona na kubaki na udhaifu wa mkono au ulimi. Tisa walikufa. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa marehemu Chaula, fundi wa kuchonga mizinga ya nyuki. Binti yake, Veneranda, mwalimu wa shule ya msingi, alimkaribisha sebuleni penye rundo la madaftari ya wanafunzi.

"Alikufa mwezi wa tatu," Veneranda alisema. "Mimi nilikuwa Mbeya kwenye mafunzo, wiki mbili. Siku naondoka alinishika mkono, akasema, 'Binti yangu, keti kidogo nikueleze habari za mama yako.' Mama aliondoka nikiwa na miaka mitatu. Nimemuuliza baba maisha yangu yote, hakuwahi kufungua mdomo. Siku hiyo ndiyo anataka kusema, na mimi nawahi kiberenge. Nikamwambia, 'Nikirudi, baba.'"

Alipanga madaftari yaliyokuwa yamekwisha kupangwa.

"Nilivyorudi nilimkuta sandukuni. Sasa nakuuliza wewe, daktari, kwa sababu umesoma. Hizi punje tunaambiwa zinaona mbele. Ya baba haikuona? Kuna mtu alijua?"

Edina alikuwa ameona ukurasa wa Chaula. Tisini na moja, miezi mitano kabla ya kifo. Chini yake Skolastika alikuwa ameandika: *Anakunywa dawa vizuri. Ana furaha.*

Angeweza kusema kwamba utafiti unaendelea. Sentensi hiyo aliijua, alishaitumia. Ikamjia mdomoni tayari, na Veneranda akaketi akimwangalia kwa uvumilivu wa mwalimu anayesubiri mtoto amalize kufikiri.

"Ndiyo," Edina alisema. "Alikuwepo aliyejua."

*

Hakukuwa na kurudi nyuma baada ya hapo. Jioni ile ile alikwenda kwa Skolastika na kumweleza alichokisema, akijiandaa kutukanwa. Muuguzi aliketi polepole.

"Tisini na moja," alisema. "Nilimpitia kila siku ya pili. Nilijua binti anasafiri. Nilisimama mlangoni kwao siku ile asubuhi, nikataka kumwambia ahirisha, nikakosa namna ya kusema bila kusema." Akafuta uso kwa kitambaa cha kichwa. "Mwambie mtendaji aite mkutano. Nitasema mwenyewe."

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi kwenye ghala la zamani la pareto. Skolastika alisema yote kwa dakika kumi, bila kujitetea. Ghala lililipuka. Mwanamume mmoja alipanda juu ya benchi akapiga kelele, "Uhai ni wangu, Sista, wewe nani uufungie kabatini?" Mwanamke akamjibu kutoka nyuma kwamba mume wake yuko hai na ana miaka sita ya kumshukuru Sista, na asiyetaka ahamie Iringa akafe na namba yake mkononi. Ilichukua muda Bwana Msigwa kuwatuliza, na walipotulia Veneranda alikuwa amesimama.

"Mimi sitaki Sista afungwe," alisema. "Nimelia, nimemaliza. Labda dawa zake zilimwongezea baba miezi, sijui. Ninachotaka ni kimoja. Asinichagulie tena."

Hapo Edina akaomba kusema. Alieleza anachokijua na asichokijua, na hiki cha pili kilichukua muda mrefu zaidi. Kisha akatoa pendekezo walilolitunga na Skolastika. Kila mwenye punje Lwandala, aliyepewa onyo na asiyepewa, angepita zahanati faraghani na kuchagua: aambiwe namba yake, asiambiwe, au aambiwe mtu mmoja amwaminiye. Wote wangechagua, ili uchaguzi usimfichue yeyote. Na wote, waliochagua hili au lile, wangeendelea kutembelewa.

Alijua mapungufu ya mpango huo kama utafiti. Anayechagua kujua si sawa na anayechagua kutojua, hata kabla hujampa dawa. Mahenge alimkumbusha jambo hilo kwenye simu Jumanne, pamoja na mengine.

"Umeuzika utafiti wako kwa mikono yako," alisema. "Na huyo muuguzi ataitwa kwenye kamati ya nidhamu, unajua hilo?"

"Anajua. Ameshafunga barua yake ya kukiri. Nitakwenda naye."

"Ripoti utaandika nini?"

"Vyote. Ishirini na watatu badala ya sitini na wanne. Na kwamba hawakuulizwa, na kwamba ushahidi huo uliishia Jumamosi saa nne asubuhi."

Mahenge alivuta pumzi. Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikika akiuliza: "Wangapi wamechagua kujua?"

"Bado tunahesabu," Edina alisema. "Leo asubuhi walikuwa karibu nusu kwa nusu. Ila wanawake wengi wanataka aambiwe dada yao."

"Dada? Siyo mume?"

"Dada."

"Ajabu," alisema Mahenge, na Edina akasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

*

Mzee Ilomo alifika Jumatano na mkewe, wote wamevaa nguo za kanisani. Alitaka aambiwe na yule daktari aliyemdanganya habari ya mvua. Skolastika aliwapisha chumbani.

Edina alikuwa amewahi kushika namba za watu milioni nne. Hakuwahi kumwambia mtu namba yake usoni. Aliomba radhi kwanza kwa uongo wa siku ile, na mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Themanini na tatu."

Mke aliushika mkono wa mumewe.

"Themanini na tatu," mzee alirudia. "Wenye namba hiyo, katika mia, wangapi wanapatwa?"

"Kwa nchi nzima, kama arobaini. Kwa hapa ni wachache zaidi."

"Basi sitini hawapatwi."

"Hawapatwi, mzee."

"Na hao sitini huwa wanafanya nini?"

Edina alijua kila kitu kuhusu wale arobaini: umri wao, uzito, chumvi yao, saa waliyoanguka. Rafu nzima za taasisi zilijaa habari zao. Wale sitini walikuwa safu moja tu mwishoni mwa jedwali, chini ya maneno "hakuna tukio".

"Sijui," alisema. "Hatujawahi kuwauliza."

Mzee Ilomo alimtazama mkewe, kisha akamtazama tena Edina, na usoni mwake palikuwa na hofu, lakini palikuwa na kitu kingine pia, kitu ambacho Edina alikijua vizuri kwa kuwa nacho mwenyewe.

"Basi toa daftari," mzee alisema. "Anza na mimi."

Alilitoa. Aliandika jina, akapiga mstari chini yake, akafikiri swali la kwanza linapaswa kuwa lipi, na kugundua kwamba hakuna fomu iliyokuwa nalo.

"Unaamka saa ngapi, mzee?"

"Saa kumi na mbili kamili."

"Mwongo huyu," alisema mkewe. "Saa kumi yuko macho, anaongea na mbuzi."

"Anaongea nini na mbuzi?" Edina aliuliza, na akaanza kuandika.